Msemaji ni msemaji: namna ya kuandika vyeo vya wanaotusemea

Tangazo la Kifaransa limefika, ndani yake limeandikwa *la porte-parole*, na linatakiwa lisomwe kwa Kiswahili kwenye taarifa ya saa saba mchana. Neno unalolitafuta ni moja tu: msemaji. Si msemaji wa kike, si mama msemaji, wala mwanamke msemaji. Hata Kifaransa chenyewe kimegeuza *le* ya kiume kuwa *la* ya kike, basi. Neno *porte-parole* hakikuligusa. Kiswahili hakina hata hiyo *le* na *la*. Kazi ingekuwa imekwisha hapo, kama si makosa machache yanayojirudia katika matangazo ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi huku Kongo (DRC). Mengi yanatokana na kudhani kwamba neno lisilo na jinsia halina taabu.

Neno lilivyoundwa

M- ya mtu, kitenzi sema, na -ji ya anayefanya jambo kama kazi au mazoea. Ni ukoo mmoja na mchimbaji, mwimbaji, msomaji. Kwa kuwa -ji hubeba mazoea pia, "yule ni msemaji sana" haina uhusiano wowote na ofisi: ni mtu mwenye maneno mengi. Na "wasemaji wa Kiswahili" ni watu wanaokizungumza tu. Kwa hiyo usimwache msemaji peke yake mara ya kwanza unapomtaja. Mpe mwenye sauti: msemaji wa serikali, msemaji wa gavana, msemaji wa familia ya marehemu, msemaji wa wachimbaji wadogo. Ukishamfunga hivyo mara moja, baadaye "msemaji huyo" inatosha.

Mtaani Lubumbashi, kwenye komini (sehemu za mji) za Katuba au Kenya, utasikia *musemaji* na *basemaji*, na kiunganishi ni *ya* kwa kila kitu: musemaji ya gouverneur. Kwenye mahojiano ya redio acha isikike hivyo hivyo. Anayemsahihisha mgeni wake hewani anapoteza mgeni na msikilizaji kwa pamoja. Taabu iko kwenye maandishi. Mwandishi hukumbuka kulinyoosha jina, akaandika msemaji, kisha akasahau kiunganishi: "msemaji ya gavana", "wasemaji ya chama". Kagua vipande vyote viwili. Mtu hufuata a- na wa- hata jina lake likiwa limekopwa: seneta amekanusha, maseneta wamekanusha, gavana mpya, magavana wapya, msemaji wa jeshi, wasemaji wa jeshi.

Kwa vyeo vya pembeni, *porte-parole adjointe* ni naibu msemaji, na wingi wake ni manaibu wasemaji. Usiandike "msaidizi wa msemaji" kwa mtu huyo. Msaidizi anaweza kuwa ni yule anayebeba simu na faili. Naibu ana mamlaka ya kusimama mbele ya vipaza sauti mkubwa wake asipokuwepo. Anayeshikilia nafasi kwa muda, yule ambaye karatasi zetu humwandikia *a.i.*, ni kaimu msemaji.

Anasema, anawakilisha, au amechaguliwa?

Kabla ya kufikiria mwanamume au mwanamke, amua mtu huyu anafanya nini. Hapa ndipo matangazo mengi yanapopotoka, maana Kiswahili kina maneno manne yanayokaribiana, na hakuna hata moja lenye jinsia.

Msemaji hupeleka maneno ya mwingine. Yeye haamui. Akisema barabara itafungwa, aliyeifunga ni gavana au meya, na habari yako iseme hivyo: "meya ameamua kufunga barabara, kwa mujibu wa msemaji wake." Ukiandika "msemaji amefunga barabara", umempa mamlaka asiyo nayo.

Mwakilishi husimama mahali pa mwingine na anaweza kuamua kwa jina lake. Mfano ulio wazi ni mkuu wa MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huku Kongo, ambaye cheo chake kamili ni Mwakilishi Maalum wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Leila Zerrougui alikishika cheo hicho, na mwaka 2021 akakipokea Bintou Keita. Kifaransa kiliandika *représentante spéciale* kwa wote wawili. Kiswahili kinaandika Mwakilishi Maalum, kama kilivyoandika kwa wanaume waliowatangulia. Misheni hiyo ina wasemaji wake pia, na hao ni watu wengine. Kumwita mkuu wa misheni "msemaji wa MONUSCO" kwa sababu tu ndiye aliyezungumza na waandishi siku hiyo ni kumshusha cheo.

Mjumbe ametumwa: kwenye mkutano, kwenye mazungumzo, kwenye baraza. Mkutano ukiisha, ujumbe wake umeisha, isipokuwa kama ni mjumbe wa kudumu wa baraza fulani.

Mbunge amechaguliwa kuingia bungeni, na huku kwetu lazima useme bunge lipi. Bunge la Taifa lina viti 500, na kila moja ya mikoa 26 ina bunge lake. Kifaransa hutenganisha *député national* na *député provincial*. Kwa Kiswahili andika mbunge wa taifa na mbunge wa mkoa. Wengi huku husema "mbunge wa jimbo", wakimaanisha wa mkoa. Msomaji wa Lubumbashi ataelewa, lakini Mtanzania atakayeisoma kwenye simu yake ataelewa kitu kingine kabisa, maana kwao jimbo ni eneo dogo la uchaguzi na mbunge wa jimbo hukaa kwenye bunge la nchi nzima. Ukijua maandishi yako yatavuka mpaka wa Kasumbalesa na kuendelea hadi Mbeya na Dar es Salaam, andika kirefu: mbunge katika bunge la mkoa wa Haut-Katanga.

Mtego wa kweli ni *conseiller*. Neno moja la Kifaransa, kazi mbili. *Conseiller du gouverneur* ni mshauri wa gavana: ameteuliwa, analipwa kutoa mawazo, na anaweza kuondolewa kesho asubuhi. *Conseiller communal* amepigiwa kura. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulikuwa na karatasi zao pia katika baadhi ya komini. Huyo si mshauri. Ni mjumbe wa baraza la komini, au diwani ukitaka neno la Tanzania. Ukimwita "mshauri wa komini", wapiga kura wake watadhani ni mtumishi wa mkuu wa komini, kumbe kazi yake ni kumsimamia huyo huyo.

Wapo pia wanaojitokeza wenyewe. Sokoni kumezuka ugomvi wa kodi, mtu anasimama mbele ya kamera na kusema yeye ni msemaji wa wauzaji. Muulize maswali mawili: nani amekuchagua, na lini? Akitaja kamati na siku, andika msemaji. Akizungukazunguka, andika "anayejitambulisha kama msemaji wa wauzaji". Neno zuri lisilo na jinsia bado ni cheo, na cheo hakitolewi bure.

Kifaransa na Kiingereza vinapokuletea jinsia

Kifaransa cha ofisini kimeongeza majina ya kike: *la députée, la sénatrice, la gouverneure, la ministre*. Hata Académie française, taasisi inayolinda lugha hiyo, iliyokataa kwa miaka mingi, ililegeza msimamo mwaka 2019. Hayo ni mambo yao. Kwetu yote yanarudi mahali pamoja: mbunge, seneta, gavana, waziri. Hakuna "senatrisi".

Habari za mashirika ya kimataifa mara nyingi huja kwa Kiingereza, na huko utakutana na *spokesman, spokeswoman* na *spokesperson*. Hili la tatu lilianza kuenea miaka ya 1970, pale wasemaji wa lugha hiyo walipochoka kumwita mwanamke kwa neno lenye "mwanamume" ndani yake. Yote matatu ni msemaji. Wapo wanaodhani *spokesperson* linadai neno jipya, wakaunda "mtu msemaji". Halihitajiki: M- ya mwanzo ndiyo huyo mtu. Mwenyekiti naye yuko hivyo hivyo: ni mwenye kiti, na kiti hakiulizi amekaa nani.

Programu za kutafsiri ndizo zinazoleta balaa zaidi siku hizi. Ukizipa *la porte-parole* au *spokeswoman*, mara nyingi zinarudisha "msemaji wa kike". Kisarufi si kosa, lakini weka habari mbili ukurasa mmoja uone. Ya kwanza: "Msemaji wa serikali, Patrick Muyaya, amesema…" Ya pili: "Msemaji wa kike wa Rais, Tina Salama, amesema…" Wa kwanza ametajwa kwa kazi yake, wa pili kwa kazi na mwili. Ama uandike "msemaji wa kiume" kwa Muyaya, jambo ambalo hakuna anayelifanya, ama ufute "wa kike" kwa Salama. Futa.

Hapa ndipo pagumu: nani ni nani?

Kukosa jinsia kuna gharama, na gharama hiyo huonekana sentensi moja inapobeba watu wawili. Chukua mfano huu:

*La porte-parole du bourgmestre a déclaré qu'il sera absent jusqu'à lundi.*

Msomaji wa Kifaransa hapotei. Msemaji ni *la* ya kike, atakayekosekana ni *il* ya kiume, basi ni mkuu wa komini. Sasa itafsiri neno kwa neno:

"Msemaji wa mkuu wa komini alisema kwamba hatakuwepo hadi Jumatatu."

Nani hatakuwepo? Kile kiambishi a- kilichojificha ndani ya "hatakuwepo" kinawafaa wote wawili. Mwenye karatasi ya kutiwa sahihi hajui kama arudi nyumbani au asubiri. Na mwandishi haoni kosa, kwa sababu Kifaransa bado kinamsikikia kichwani.

Tiba ya haraka ni kurudia cheo mahali Kifaransa kilipoweka *il* au *elle*: "Msemaji alisema kwamba mkuu wa komini hatakuwepo hadi Jumatatu." Wanafunzi wa Kifaransa wamefundishwa kuogopa kurudia neno. Kwenye habari za Kiswahili, kurudia cheo si aibu. Aibu ni kumpeleka mtu ofisini bure.

Iliyo nzuri zaidi kwa redio ni kuigeuza sentensi, mwenye jambo atangulie na msemaji afuate: "Mkuu wa komini hatakuwepo hadi Jumatatu, amesema msemaji wake." Hiyo "wake" inamaliza ubishi wote, maana msemaji hawezi kuwa na msemaji. Pia msikilizaji anapata jambo lenyewe kwanza, hata kama kuku amelia au pikipiki imepita alipotajwa aliyelisema.

Kama anayezungumziwa ni msemaji mwenyewe, sema hivyo: "Msemaji wa mkuu wa komini amesema yeye mwenyewe hatakuwepo hadi Jumatatu." Na kama tangazo la asili nalo lina utata, usibahatishe. Piga simu, au nukuu maneno yake ndani ya alama za kunukuu na uyaache yalivyo.

Angalia pia "yake" na "wake". Kifaransa *son mari* (mume wake) na *sa femme* (mke wake) humfichua mwenyewe kwa njia ya mwenzake, lakini *sa voiture* (gari lake) haimfichui yeyote. Kiswahili nacho: "Gavana na msemaji wake walifika kwa gari lake." Gari la nani? Kama ni la serikali ya mkoa, andika gari la serikali ya mkoa.

Jinsia inapostahili kutajwa

Kuna siku jinsia ndiyo habari. Tarehe 1 Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa, na hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza serikali ya nchi hii kabla yake. Kuandika "waziri mkuu mpya" tu ni kuacha nusu ya habari mezani. Lakini tazama mpangilio wa maneno. "Waziri mkuu wa kwanza mwanamke" humfanya msomaji asimame kidogo: wa kwanza wa nini, wa nchi? Hapana, nchi imekuwa na mawaziri wakuu tangu Lumumba mwaka 1960. Andika "mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Kongo". Anza na mwanamke, kisha kwanza, kisha cheo, na utata umeisha. Taja mara moja, kwenye habari ya uteuzi. Mwezi unaofuata, akizungumzia bajeti, ni waziri mkuu tu.

Hesabu pia zinahitaji jinsia. Ibara ya 14 ya Katiba inazungumzia usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 imeweka utaratibu wake. Habari inayopima utekelezaji lazima iseme wabunge wanawake ni wangapi. Hapo tumia "wabunge wanawake", usitumie "wabunge wa kike". Kwa watu wazima, "-a kike" inasikika kama unapanga nguo au kuku. Mtoto wa kike ni sawa, seneta wa kike masikioni haikai vizuri.

Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya "msemaji mwanamke" na "msemaji wa wanawake". Wa kwanza ni mwanamke. Wa pili anasema kwa niaba ya wanawake, na anaweza kuwa mwanamume mwenye ndevu. Nchi ya Kenya ina cheo rasmi cha mwakilishi wa wanawake, kimoja kwa kila kaunti kati ya 47; hicho ni cheo cha uchaguzi na hakina uhusiano na kumwelezea mtu. Kule Zanzibar, mwakilishi peke yake ni cheo cha anayekaa Baraza la Wawakilishi, na mbunge ni yule anayekwenda kwenye bunge la Muungano. Ukinukuu habari za huko, usiwabadilishane.

Kumwita mtu mbele yake, na kumwandikia barua

Mdomoni adabu ya Lubumbashi ina jinsia tele. Waziri mwanamke ataitwa Mama Waziri, mbunge ataitwa *Honorable*, gavana *Excellence*. "Mama" na "papa" hapo ni heshima ya umri na cheo, wala hakuna anayemdharau mtu. Ziache kwenye salamu na mahojiano. Kwenye aya za habari zitoe, kwa sababu "Mama Msemaji" iliyoandikwa hugeuka kuwa ukaribu: msomaji anajiuliza kama mwandishi ni ndugu yake.

Barua ina taabu yake. Unajua jina tu, na jina kama Ilunga au Kasongo halikuambii mwenyewe ni nani. Hata Dominique au Claude halikusaidii. Usianze "Bwana" ukitumaini bahati. Kwa mbunge au seneta, "Mheshimiwa Mbunge," inatosha na haina jinsia. Kwa msemaji asiyekuwa na wadhifa wa kuchaguliwa, Mheshimiwa ni nyingi mno. Weka cheo chenyewe juu ya barua, "Kwa Msemaji wa …", ruka mstari, kisha uanze na salamu. "Ndugu Msemaji" ni ya kawaida Tanzania, lakini kwa masikio mengi ya hapa inanukia kanisani. Mwishoni mwa barua epuka "wewe" ya kirafiki. "Ofisi yako" inabeba heshima bila kuuliza chochote.

Kabla hujatuma

Fungua maandishi yako kwenye kompyuta au simu na utafute maneno haya moja moja: *kike, mwanamke, mama, bibi, bwana, dada*. Kila linapotokea karibu na cheo, liondoe na usome sentensi tena. Habari ikibaki kamili, liache nje. Ikipungukiwa, lirudishe, na uangalie kama mwanamume wa nafasi hiyo hiyo ungemwandikia vivyo hivyo.

Kisha tafuta *kwamba*. Baada ya kila "alisema kwamba" kuna kitenzi chenye a- au ha-. Weka kidole juu yake na umtaje mtu wake kwa sauti. Ukisita, rudisha cheo. Mwisho tafuta " ya " baada ya msemaji, seneta, gavana na waziri, uigeuze kuwa " wa ". Kwa tangazo la ukurasa mmoja, utafutaji wote huu ni kazi ya dakika chache, na taarifa ya saa saba bado utaiwahi.